Mzunguko Mmoja na Nusu

Jumapili, Machi 2

Mvua ya kwanza. Haikunyesha, ilimwagwa. Binti yangu amerudi kutoka mazoezini kwenye machimbo ya mawe akiwa na matope hadi kwenye nyusi, akaisukuma pikipiki moja kwa moja mpaka chumba cha kufulia, akavua kofia ngumu, akasema kama msomaji wa taarifa ya habari:

"Mashindano ya mwisho wa mvua ndiyo kipimo changu. Nikiingia kwenye watatu wa kwanza napanda daraja la juu, naendelea. Nisipoingia, pikipiki naiuza. Umri huu si wa kubahatisha."

Mumewe akamletea taulo. Mimi nikajifanya nasoma gazeti. Lilikuwa la juzi.

Jumatatu, Machi 3

Dirisha la jirani yetu, Mwalimu wa Muziki, linatazamana na mlango wa chumba chetu cha kufulia. Leo alitoa kichwa nje.

"Mzee mwenzangu, poleni na wizi."

"Wizi gani?"

"Kiti cha pikipiki. Naona hakipo."

Nikamweleza kwamba hakijawahi kuwepo. Pikipiki ya mchezo huu hupandwa kwa kusimama. Mpandaji hupita juu ya mawe na magogo polepole kuliko mtu anayekwenda kwa miguu, na kazi yake yote ni kutoweka mguu chini. Mguu ukigusa, alama moja ya adhabu. Ukianguka au injini ikizima, tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi.

"Yaani anayeshinda ni yule asiyepata kitu?"

"Ndiyo."

"Basi mimi ni bingwa wa maisha," akasema, akafunga dirisha.

Ijumaa, Machi 7

Mvua imenifungia ndani, kwa hiyo niandike jinsi kazi zilivyogawanywa hapa nyumbani. Binti yangu ni nesi wa wadi ya mifupa. Wiki nzima anafunga plasta miguu ya watu, kisha Jumapili na Jumatano, siku zake za mapumziko, anakwenda machimboni kuuhatarisha wake. Anachotaka kwenye pikipiki ni kuipanda. Chochote kilicho chini ya tangi, alisema tangu mwanzo, ni cha wanaume wa nyumba hii, kwa sababu yeye nyundo na misumari anayo ya kutosha kazini.

Wanaume wa nyumba hii ni wawili. Wa kwanza ni mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Meno kwa kuwa hutengeneza meno ya bandia. Vidole vyake vinaweza kuhisi unywele ndani ya unga. Kila kitu hukipima kwa kugusa na kusikiliza. Wa pili ni mimi. Kabla ya kuikimbia nchi yetu nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na kila kitu hukipima kwa kusoma.

Kitabu cha pikipiki kimeandikwa kwa lugha ya nchi iliyonipokea kwanza, kabla sijaletwa hapa. Niliihangaikia lugha ile kwenye mabweni ya wakimbizi mpaka nikawa naota kwayo, kisha nikahamishwa, na tangu hapo sikupata mtu wa kuongea naye. Ilikaa kichwani miaka thelathini kama suti ya harusi kabatini. Siku pikipiki ilipoletwa nilifungua kitabu, nikakuta naelewa kila neno, hata maonyo. Nililia kidogo, kwenye ukurasa wa kubadilisha oili ya gia.

Basi kila asubuhi, wenyewe wakiwa kazini, au Jumatano binti yangu akiwa bado amelala, mimi huingia chumba cha kufulia kushughulikia skrubu ya hewa. Ni kitu kidogo ubavuni mwa kabureta, hakifiki hata ukubwa wa kucha. Ukiifungua, injini inapata hewa zaidi na inakuwa nyepesi, inaruka. Ukiifunga, petroli inatawala na injini inakuwa nzito. Kwa pikipiki za barabarani haina neno, lakini katika mchezo wa kutambaa juu ya mawe, skrubu hiyo ndiyo kila kitu. Kitabu kinasema: ifunge taratibu hadi mwisho, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hakisemi "takriban". Mimi navipenda vitabu visivyosema takriban.

Jioni, akirudi kazini, Fundi Meno naye huingia humo. "Naangalia cheni tu, baba," huniambia. Cheni ya pikipiki hii lazima iwe ndiyo inayoangaliwa kuliko zote duniani.

Ni mkwe mwema, na hapo ndipo penye tatizo. Miaka yote niliyokaa kwake amenipa kiti cha dirishani na hajanipinga hata siku moja. Mwaka jana nilimwambia kwamba siku ile ni Jumanne, kumbe Jumatano. Akaipokea Jumanne yangu, akakosa miadi yake, na mimi nikaja kujua kwa binti yangu wiki mbili baadaye. Ni heshima, najua. Lakini mtu aliyekula mshahara wa kusahihisha wenzake maisha yake yote hajisikii vizuri katika nyumba ambayo yeye hasahihishwi. Asiyesahihishwa ni mgeni.

Jumamosi, Machi 8

Skrubu nimeikuta imefunguka, karibu mizunguko miwili na robo. Mtetemo, bila shaka. Nimeirudisha.

Jumatatu, Machi 10

Mvua. Imefunguka tena. Nimeirudisha.

Jumanne, Machi 11

Vilevile.

Jumatano, Machi 12

Binti yangu amerudi amenuna. Machimboni kuna mahali wanapaita Meza Tatu: majabali matatu yamepangana kama ngazi ya jitu, kila moja linamfika mtu mzima kiunoni. Mashindano yatapita hapo. Leo amejaribu tangu mchana, na kila akifika jabali la pili injini inazama.

"Jumapili ilikuwa inaruka kama mbuzi," akasema, "leo imelala kama mgonjwa aliyechomwa dawa ya usingizi. Pikipiki ni ileile. Petroli ni ileile. Basi mbovu ni mimi."

"Usiseme hivyo, mke wangu," akasema Fundi Meno.

"Niseme nini? Juzi naivuta inanipita, leo naivuta inanisubiri. Sijui hata mkono wangu unafanya nini."

Nikamwambia kwamba hewa ya mvua ni nzito. Fundi Meno akasema, "Baba amesema kweli kabisa." Anasema hivyo hata nikisema chumvi imezidi, na yeye ndiye aliyepika.

Jumatatu, Machi 17

Nimekuta uchafu wa rangi ya waridi juu ya skrubu, umegandishwa kama fizi. Sielewi machimbo gani yana udongo wa waridi. Nimeusafisha kwa mswaki wa zamani, nikairudisha skrubu kwenye mzunguko mmoja na nusu, kisha nikaweka alama ndogo kwa penseli nyekundu, ile niliyokuwa nikisahihishia, ili nijue inahama kiasi gani.

Jumanne, Machi 18

Alama ya penseli imefutika. Uchafu wa waridi umerudi. Mvua hii ina mambo.

Ijumaa, Machi 21

Nimeingia jikoni nikamkuta binti yangu anakaanga vitunguu akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Umeumia?"

"Nafanya mazoezi ya mizani ya mwili, baba. Mizani yangu imekwisha."

Akageuza vitunguu, akabadilisha mguu. Fundi Meno akapita na sahani, akamzunguka kama mtu anayezunguka nguzo. Baada ya chakula binti yangu akaosha vyombo, akiwa bado kwenye mguu mmoja. Sahani moja imevunjika. Amesema hiyo ni adhabu ya alama moja.

Jumamosi, Machi 22

Mguu mmoja tena. Sasa hata anapopiga mswaki.

Ijumaa, Machi 28

Ameenda kwa daktari wa masikio kupimwa, kwa sababu mizani ya mwili huanzia masikioni. Daktari amemwambia masikio yake ni mazima kama ya mtoto, na akamwuliza ana umri gani. Kumwuliza ndiko kulikomuumiza. Amekaa tangu aliporudi, akiitazama mvua kupitia mlango wa chumba cha kufulia, mkono mmoja juu ya usukani, kama mtu anayemuaga jamaa kituoni. Nakujua kuaga kwa namna hiyo. Niliuaga mji mzima vivyo hivyo.

Alianza mchezo huu akiwa na miaka thelathini na minane, watu wakimcheka. Kabla ya hapo alikuwa akirudi kutoka wadini, anakula, analala. Sasa anarudi akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu akiwa msichana. Mtu akiichukua pikipiki ile, haondoki na chuma tu.

Jumatano, Aprili 2

Nimemwomba binti yangu aninunulie springi mpya ya skrubu, ngumu zaidi, ili mtetemo usiisogeze. Ameniletea mbili.

"Moja inatosha," nikamwambia.

"Mume wangu naye kaniagiza. Nilidhani mmeambiana."

Nilifurahi kwamba na yeye ameuona ule mtetemo. Mkwe wangu ana akili.

Jumapili, Aprili 6

Siku mbaya. Ameanguka kutoka jabali la tatu, pikipiki ikamfuata, wote wawili wakaishia kwenye dimbwi. Hakuumia, isipokuwa moyo. Amesema injini iliruka wakati yeye alikuwa ameshajizoesha kwamba inazama.

Alitaka kubandika tangazo hospitalini, lakini mnunuzi amepatikana kabla. Kuna wakili mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu mwaka jana, binti yangu ndiye aliyemfunga plasta, na muda wote wa plasta alikuwa akimwambia habari za Meza Tatu. Sasa mguu umepona na wakili anataka kujaribu. Tumekubaliana naye: atakuja machimboni siku ya mashindano kutazama. Binti yangu akikosa daraja, yeye atakuja nyumbani kuichukua.

Fundi Meno alikwenda "kuangalia cheni". Mimi nikabaki dirishani.

Jumatano, Aprili 9

Sijui nianze wapi.

Asubuhi, baada ya kuwasha injini na kuizima, nilimkuta Mwalimu wa Muziki amesimama uani kwetu na mwavuli, amevaa vile anavyovaa akienda kushtaki.

"Mzee mwenzangu, naomba mwamue. Ama ile ya asubuhi au ile ya jioni. Zote mbili siziwezi."

"Ile ipi?"

"Sauti! Asubuhi ukiiwasha wewe inanguruma chini, nzito, kama mzee anayekataa kuamka. Jioni mkweo akiiwasha inakwenda juu, nyembamba, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Wanafunzi wangu wa jioni wote wanaimba juu kuliko sauti zao zinavyoweza kwa sababu yenu."

"Mkwe wangu haiwashi. Anaangalia cheni tu."

"Cheni inaangaliwa kwa bisibisi?"

Nikatazama mlango wa chumba cha kufulia.

"Namwona kwa macho yangu," akaendelea. "Anachuchumaa, anaizungusha hivi, anaweka sikio, anaizungusha tena, anatabasamu, anatoa kitu mfukoni anakibandika. Asubuhi unakuja wewe, unakibandua, unaizungusha unakojua. Tangu mvua zianze. Mimi nilidhani ndiyo utaratibu wenu."

Uchafu wa waridi. Nta ya fizi! Ile wanayotumia kupangia meno ya bandia. Mimi niliyekuwa naona koma iliyopinda kutoka upande wa pili wa meza, nimeisugua kwa mswaki mwezi mzima nikidhani ni udongo.

Baada ya kuondoka kwake nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga hesabu ya mambo. Jumatano binti yangu hupanda mchana, baada yangu: injini nzito, kwa kitabu. Jumapili huondoka alfajiri kabla sijaamka, baada ya Jumamosi jioni ya mumewe: injini nyepesi, kwa sikio. Tumempa pikipiki mbili tukamwambia ni moja. Kisha tukamwacha asimame kwa mguu mmoja mbele ya vitunguu akitafuta kosa kwenye masikio yake.

Nifanye nini? Nikimwambia binti yangu, nimemshtaki mumewe. Nikimwambia Fundi Meno mwenyewe, atajua kwamba nimejua kwamba amekuwa akinipinga kwa siri, na mtu aliyepoteza miadi kwa ajili ya Jumanne ya uongo hatalala tena. Ataniomba msamaha mpaka nihame. Nimeamua njia moja tu ya adabu: nisiiguse tena. Kabureta nzima namwachia yeye. Kuisafisha, kumwaga maji yanayojikusanya ndani, petroli, yote. Kitabu nimekirudisha rafuni. Kilikuwa na joto bado, au mikono yangu ndiyo.

Alhamisi, Aprili 10

Sijagusa. Nimemwona Mwalimu wa Muziki getini anazungumza na Fundi Meno, mkono mmoja ameuweka chini na mwingine juu. Nadhani ni habari za kwaya.

Jumamosi, Aprili 12

Mto umefurika, machimbo yamefungwa. Hakuna mazoezi mpaka siku ya mashindano. Pikipiki imekaa chumba cha kufulia pamoja na shuka zisizokauka. Sijagusa.

Jumatano, Aprili 16

Sijagusa. Fundi Meno amerudi, akaketi nami sebuleni jioni nzima. Hakuangalia cheni. Nadhani ameridhika nayo.

Jumatatu, Aprili 21

Binti yangu: "Iko tayari?"

Mimi: "Mwulize mumeo, ndiye anayejua."

Yeye kwa mumewe: "Iko tayari?"

Yeye: "Baba ndiye anayejua."

Binti yangu akasema ana bahati ya kuwa na mafundi wawili wanyenyekevu. Bado anasimama kwa mguu mmoja.

Jumamosi, Aprili 26

Mvua imepungua. Kesho.

Jumapili, Aprili 27

Niandike kwa mpangilio.

Tulifika machimboni kwenye pikapu ya Fundi Meno, pikipiki nyuma imefungwa kamba. Ukungu, matope, waamuzi na makoti yao ya plastiki. Mzunguko wa mashindano una vipande sita na kila mpandaji huupita mara mbili. Meza Tatu ndiyo kipande cha mwisho. Wakili alikuwa amefika na kofia mpya, bado ina karatasi ya dukani.

Binti yangu akapiga teke la kuwashia. Ikakohoa. La pili, ikakohoa. La sita ikawaka, ikatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Nikamtazama Fundi Meno. Naye alikuwa ananitazama mimi, na nikaona usoni mwake mshangao uleule uliokuwa usoni mwangu.

Vipande vitano alipita kwa taabu, mguu chini mara mbili, mara tatu. Akafika Meza Tatu. Jabali la kwanza akapanda. Kwenye la pili injini ikasema kitu kama "pff" ikazima, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye matope. Mwamuzi akanyoosha vidole vitano.

Alikuja kwetu akiisukuma. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Basi," akasema. "Nimezeeka. Wakili, uko wapi?"

Fundi Meno akapiga magoti kwenye matope, akafungua bakuli la chini la kabureta. Maji yakatoka. Si matone. Ungeweza kuchemshia yai.

"Baba," akasema polepole, "haya maji hukuyamwaga?"

"Mimi? Si nilikuachia wewe!"

"Uliniachia lini?"

"Tangu tarehe tisa. Niliposikia kwamba... unaangalia cheni."

Akafumba macho. "Na mimi nilikuachia wewe. Tangu tarehe kumi. Mwalimu aliniambia kwamba kila asubuhi unairekebisha. Nikaona aibu, nikaacha kabisa."

"Kwa hiyo wiki hizi zote..."

"Hakuna aliyeigusa, baba."

Binti yangu alikuwa amevua glavu moja. Aliivaa tena, akaivua tena.

"Kurekebisha nini?" akauliza.

Mimi nikatazama matope, mumewe akatazama bakuli.

"Nauliza. Kurekebisha nini?"

"Skrubu ya hewa," akasema mumewe kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu. "Mimi jioni. Baba asubuhi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze," nikasema mimi. "Hatukujuana."

Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, kama anavyotazama picha za eksirei.

"Mimi nimesimama kwa mguu mmoja jikoni mwezi mzima," akasema. "Nimevunja sahani. Nimeingiziwa mpira wenye taa masikioni na kijana aliyeniita mama. Na nyinyi wawili mlikuwa mnabadilishana zamu ndani ya kabureta?"

Watu walianza kusogea. Wakili akasogea zaidi ya wote.

"Yatosha," nikasema, "muda unakwenda. Mzunguko wa pili unaanza. Mkwe, kausha bakuli, lirudishe, skrubu ifunge mpaka mwisho kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu."

Alikausha bakuli, akalirudisha, akashika bisibisi, akaifunga skrubu, akaanza kuifungua. Kisha akasimama. Niliona masikio yake yanakuwa mekundu.

"Hapana, baba," akasema. "Umekosea."

Sijui kama wengine walisikia kilichotokea hapo. Kwangu ilikuwa kama mtu amefungua dirisha lililopigwa rangi likagandia. Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikafoka.

"Nimekosea nini? Kitabu kimeandikwa na watu walioitengeneza!"

"Walioitengeneza hawakuwa na mvua hii!"

"Umejuaje? Umewahi kufika kwao? Mimi nimekaa kwao, kunanyesha hadi ndani ya viatu!"

"Basi mlikuwa mnaendesha kwa masikio yaliyojaa maji! Moja na nusu inazama, baba, hata kiziwi anasikia!"

"Na mbili na robo inaruka! Imemtupa mtoto dimbwini, ulimwona!"

"Alitupwa kwa sababu Jumatano wewe ulimzoesha uzito!"

"Ukinipigia kelele nitaondoka."

"Ondoka na nani? Pikapu ni yangu!"

Mtu mmoja akacheka, nadhani mwamuzi. Fundi Meno alishika mdomo, akajaribu kurudisha maneno ndani, akashindwa, naye akaanza kucheka, na mimi pia. Tulikuwa tumeshika pikipiki upande huu na huu kama watu wanaogombea godoro.

Binti yangu akanyoosha mkono. "Bisibisi."

Mumewe akampa.

"Nani anapanda?" akauliza.

"Wewe."

"Basi geukeni."

Tukageuka. Kweli, wanaume wazima wawili tuligeukia ukuta wa machimbo. Tulisikia injini ikiwaka, ikienda chini, ikipanda, ikirudi, ikatulia mahali ambapo sijawahi kuisikia: si nzito, si nyembamba. Nilimwona Fundi Meno anainamisha kichwa asikilize, nikampiga kiwiko. Haikuwa juu yake tena. Haikuwa juu yangu pia.

Mzunguko wa pili hakuweka mguu chini kwenye vipande vitano. Alipofika Meza Tatu watu walikuwa wamesimama pembeni na miavuli imefungwa. Jabali la kwanza akalipanda kama anapanda kitandani. La pili, akasimama juu yake kabisa, hatembei, pikipiki inapumua chini yake na miguu yote miwili iko juu ya vikanyagio, akachukua muda wake. Mwezi wa vitunguu ulikuwa na faida yake. Kisha la tatu: gurudumu la mbele likaruka, la nyuma likauma jiwe, akapotea juu ya ukingo. Tulisikia tu injini, halafu kelele yake ya furaha.

Mwamuzi akaonyesha ngumi iliyofungwa. Sifuri.

Amekuwa wa nne. Zile alama tano na zile za mguu chini katika mzunguko wa kwanza ndizo zilizomnyima nafasi. Watatu wa kwanza ndio wanaopanda daraja. Wakili akaja akiwa amewaka macho.

"Nimeona!" akasema. "Hii ndiyo hasa ninayoitaka. Nakuja Jumanne."

Binti yangu akamtazama, akatutazama sisi. "Nilisema nitauza," akasema. "Njoo Jumanne."

Njiani kurudi Fundi Meno aliniambia nifunge mkanda vizuri. Hajawahi kuniambia nifanye jambo.

Jumatatu, Aprili 28

Binti yangu amekaanga vitunguu kwa miguu miwili.

Jumanne, Aprili 29

Wakili amefika saa kumi, kofia imetolewa karatasi. Tulimpokea chumba cha kufulia, kati ya pikipiki na ndoo. Mwalimu wa Muziki alifungua dirisha ili apate hewa, kama alivyosema. Binti yangu aliegemea mlango, mikono imefungwa kifuani. Aliyetoa neno lazima alitimize. Amelelewa hivyo, na aliyemlea ni mimi, kwa hiyo sikuwa na pa kulalamika.

Wakili akaizunguka, akaipapasa, akauliza mambo ya klachi na ya breki, tukajibu. Mimi na mkwe wangu tulikuwa tumepatana asubuhi kwamba tutajibu kwa adabu na kwa ufupi.

"Na ule utulivu wake juu ya jiwe la pili," akasema wakili, "siri yake ni nini? Skrubu ya hewa mnaiweka wapi?"

"Mzunguko mmoja na nusu," nikasema.

"Miwili na robo," akasema Fundi Meno.

Wakili akatabasamu. "Ipi kati ya hizo?"

"Moja na nusu. Iko kwenye kitabu."

"Baba, usimpoteze mtu wa watu. Akiweka moja na nusu atarudi kuvunja kile kifundo kilekile."

"Akiweka miwili na robo atavunja shingo, na mkeo hawezi kufunga plasta shingo!"

"Nani alisema haiwezekani? Baba, hayo mambo ya hospitali umeyajua lini?"

"Nayajua tangu hujaota ndevu!"

"Sina ndevu mpaka leo!"

"Ndiyo maana!"

"Ya asubuhi ilikuwa mbaya zaidi!" akapiga kelele Mwalimu wa Muziki kutoka dirishani. "Lakini ya jioni haikuimbika!"

"Samahani," akasema wakili, "kwani Jumapili ilikuwa ngapi?"

Hilo hatukulijua sote wawili. Tulikuwa tumegeukia ukuta. Tukamtazama binti yangu. Alikuwa anaitazama pikipiki, na mdomo wake ulikuwa umeanza kupinda upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya utotoni akijua jibu darasani na hataki kunyoosha mkono.

"Haijulikani," nikasema. "Ila bila shaka karibu na moja na nusu."

"Karibu na miwili, baba! Niliisikia!"

"Ulikuwa umegeuka!"

"Kwani masikio nayo yaligeuka?"

Wakili akashika kofia yake kwapani. Nadhani mahakamani ameona familia za namna hii na anajua zinavyomalizikia.

"Nitarudi," akasema, "mkishakubaliana."

"Basi kwaheri, wakili," akasema binti yangu, akimfungulia mlango. "Hutarudi."

Wakili akacheka, akadhani ni utani. Alipofika getini akageuka, akaona hakuna mwingine anayecheka isipokuwa yule mwenye pikipiki, aliyekuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, machozi yanamtoka.

"Na neno lako?" nikamwuliza.

"Neno langu lilikuwa la mtu aliyedhani amezeeka," akasema. "Kumbe mbovu hakuwa mimi. Mlikuwa nyinyi."

Jumatano, Aprili 30

Jua. Kabla ya chai ya asubuhi Fundi Meno ameniambia mara mbili kwamba nimekosea. La kwanza, kweli, nilikosea. La pili nimemkatalia, naye akanikatalia, chai ikapoa, na binti yangu akaiendesha pikipiki kwenda machimboni bila kumwuliza yeyote kati yetu.